Anga la Msiba wa Shangazi Felista

Kwanza tuelewane: mimi si mvunja sheria. Miaka kumi na moja nimerusha droni katika Bonde la Lugavilo, juu ya viazi vya watu, juu ya chai, juu ya pareto, na sijawahi hata siku moja kuwasha mapangaboi kabla ya kusoma anga. Nasoma mara tatu. Kwanza naifungua Ramani Hai nione rangi ya anga: nyeupe ni ruhusa, nyekundu ni marufuku. Pili nasoma matangazo ya siku ile, maana rangi inaweza kubadilika wewe umeinama unafunga kamba ya kiatu. Tatu naweka rimoti chini, natazama juu kwa macho yangu haya, kwa sababu mwewe hana leseni wala hafuati ramani. Na nasoma kwa sauti, mbele ya mtu. Wote niliowafundisha kazi wanalijua hilo.

Kwa hiyo akija mtu kwako akasema Sekela Nyalusi alirusha kihuni, mwambie anifuate mimi, nipo.

Asubuhi ile shahidi wangu alikuwa Shangazi Felista, dada yake baba. Tulisimama kilimani nyuma ya nyumba yake, baridi ya mwezi wa sita inauma masikio, yeye kajifunga blanketi la mistari na mkononi kashika chupa ya maji.

"Soma," akasema.

"Nyekundu."

"Jana?"

"Jana nyekundu, juzi nyekundu. Shangazi, unajua kabisa tangu Jumatatu ni nyekundu, unaniuliza ya nini?"

"Nataka nisikie unavyokasirika. Hujakasirika bado."

Chini yetu, bwawa la kampuni ya Mtiririko lilikuwa limejaa hadi mdomoni kwa mvua za masika. Ni tuta la udongo, refu kama mnara wa kanisa, na chini yake kuna kaya mia nne, shule na soko. Zamani duara jekundu kwenye Ramani Hai lilifunika mtambo wa umeme tu. Jumapili iliyopita Shangazi aliandika barua kwa kampuni kuhusu tuta hilo. Siku ya pili yake duara likapanuka, likala tuta zima na mguu wake wote. Sababu iliyoandikwa kwenye tangazo: usalama wa wananchi. Wananchi gani? Njia ya miguu nayo wakaiwekea walinzi.

Shangazi aliinua chupa juu, jua likapita ndani yake. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Miaka kumi na tisa nilikuwa msoma vipimo wa bwawa hili," akasema, kana kwamba mimi sijui. "Kila tuta la udongo linavuja, hilo halitishi. Maji yakitoka safi, lala usingizi. Yakitoka na tope, ujue yanatoka na udongo wa ndani. Tuta linaliwa tumboni. Kwa nje unaona majani mabichi, unasema uzuri ulioje! Hii niliichota Jumapili, kabla hawajaweka walinzi."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia wakati bado ni mfanyakazi wao. Ndiyo maana si mfanyakazi wao."

Nilimpigia Injinia Masalu, mkuu wa kituo, simu ikiwa wazi ili Shangazi asikie. Yule bwana ana sauti laini, inateleza kama mlenda.

"Dada Sekela, tumepima, tuta ni salama. Chupa ya maji si kipimo. Mama yetu yule tunamheshimu, lakini umri nao."

"Basi nifungulie anga dakika ishirini. Nikapige picha kwa kamera ya joto, sote tulale."

"Anga limefungwa kwa ajili yenu wenyewe, dada."

Akakata. Shangazi akanitazama usoni.

"Haya," akasema, "sasa umekasirika."

*

Utaniuliza: kwa nini hukurusha tu? Kwa sababu droni ina kufuli. Ukiielekeza kwenye nyekundu, mapangaboi hayageuki, hata uisihi kwa magoti. Wapo vijana mjini wanaoliua kufuli hilo kwa dakika tano. Lakini picha ya droni iliyouawa kufuli haina mhuri.

Na mhuri ndiyo habari yote. Tangu mashine zijifunze kutengeneza picha za mambo ambayo hayakutokea, ofisi ya wilaya haiangalii picha, inaangalia mhuri. Ramani Hai inaugonga palepale picha inapopigwa, kuthibitisha kwamba mrushaji alikuwa mahali pale, saa ile, na anga lilikuwa wazi kwake. Picha yenye mhuri inamfanya mkuu wa wilaya avae viatu. Isiyo na mhuri ni porojo, hata ikionyesha nyumba yake mwenyewe inawaka. Mtiririko walilijua hilo. Hawakuhitaji kulificha tuta. Walihitaji kulifunga anga.

Mchana huo nilikaa jikoni kwa Shangazi, yeye anamenya viazi, mimi nasoma kanuni za anga, zile kurasa mia mbili ambazo kila mrushaji anasema amezisoma na hakuna aliyezisoma. Nilisoma anga la kijeshi, anga la viongozi, anga la ndege wa mwituni. Nikafika anga la msiba, nikataka kuruka, maana hilo nalijua. Kila mtu analijua.

Mimi nilikuwa msichana wakati ule droni za watafuta watazamaji zilipokuwa zinakuja kuelea juu ya makaburi, zinapiga picha wanawake wakigaragara kwa uchungu, jioni kilio chako kinachekwa na nchi nzima. Akina mama wakachoka. Wakaziangusha kwa mawe na michi, wakawekwa ndani, wakatoka, wakaziangusha tena. Mwishowe sheria ikakubali: panapotokea msiba, anga ni la wafiwa. Haingii mtu ila waliyemruhusu. Ndiyo haki pekee ya angani ambayo watu kama sisi tumewahi kupewa, na hatuichezei.

Lakini sasa nilisoma mstari ambao sikuwahi kuufikia.

"Shangazi. Anga la msiba linaanzia nyumba ya marehemu na kuishia kaburini, pamoja na makaburi ya ukoo. Na linavunja kila duara isipokuwa la jeshi."

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Baba yangu amezikwa wapi?" akauliza.

Nilikuwa najua. Wote tunajua. Makaburi ya akina Nyalusi yako mguuni pa tuta, hatua thelathini hazifiki. Kampuni ilipokuja iliahidi kutoyagusa, kwa hiyo ikajenga ukuta wake juu ya vichwa vya wazee wetu na kuwazungushia seng'enge.

"Hatuna msiba, Shangazi."

"Niandikeni mimi."

"Koma!" Nilisema hivyo kwa shangazi yangu, Mungu anisamehe. "Usitamke hivyo. Unajiitia kifo ndani ya nyumba yako mwenyewe?"

"Kinanijua siku nyingi hicho." Akaendelea kumenya. "Andika Felista Nyalusi amefariki. Anga linafunguka, unaruka, unapiga picha. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo? Ukiandikwa umekufa, namba yako inalala! Huna bima, huna kura, simu haipokei kidole chako, hata shamba hili si lako tena. Na wakigundua tumedanganya, watasema, mnaona, hawa watu wanachezea misiba. Watainyang'anya haki hiyo nchi nzima. Kesho mama mmoja huko Kigoma atamzika mtoto wake huku droni inamzomea, kwa sababu yetu. Umeliwaza hilo?"

Viazi viliisha, akaanza kuviosha.

"Nimeliwaza," akasema. "Halafu nikaiwaza shule. Ina watoto mia sita na ishirini, Sekela, nami nimeyasoma maji yale miaka kumi na tisa. Wewe una jibu lingine? Kama unalo, niambie, nami nitafurahi sana kubaki hai."

Nililitafuta usiku kucha jibu la kuniokoa na uamuzi huo, halikupatikana.

*

Mtendaji wa kijiji, Bwana Mgaya, ni mtu mwoga na mwema, na vitu hivyo viwili vinamtesa sana. Tulimkuta ofisini asubuhi, anakunywa uji.

"Kamwene, Mtendaji."

"Kamwene, mama. Karibuni. Kuna nini?"

"Tumekuja kuandikisha kifo," nikasema.

Akaweka kikombe chini, akavua kofia. "Poleni sana jamani. Nani tena?"

"Mimi," akasema Shangazi, akavuta kiti akakaa.

Bwana Mgaya alicheka, akaacha kucheka, akaenda kufunga mlango. Tulimweleza. Alisikiliza huku anaipangusa meza isiyo na vumbi. Alipokataa, alikataa vizuri: alisema ana kiapo, ana familia, na mashine ile haina mzaha. Kifo kikishaingia kinafutwa na mtu mmoja tu, marehemu mwenyewe akitokea na kidole chake. Tena ndani ya siku arobaini. Zikipita, basi, hata malaika harekebishi.

Shangazi akaiweka chupa mezani. Tope lilikuwa limetulia chini, kidole kizima.

"Wakwe zako wanakaa wapi, Mgaya?"

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Nauliza tu."

"Unajua wanapokaa. Nyuma ya soko." Akaitazama chupa. Akaitazama tena. "Sheria inataka shahidi mmoja wa ukoo, aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi siwezi kumsemea."

Akanigeuzia mashine. Nilidhani ningesema haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Shangazi alikuwa kakaa mbele yangu, kilemba chake cha kijani, makunyanzi yake, mikono inayonuka sabuni ya mche. Huyu ndiye aliyenilea mama alipokwenda.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Nipo."

"Felista Nyalusi," nikasema, "hatunaye."

Simu yake ililia palepale mezani, mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia, kisha kioo kikawa cheusi. Ikatoka sauti ya mwanamke mpole: namba hii imelala, poleni kwa msiba. Nililia kwa kwikwi, mtu mzima mimi. Shangazi alinipigapiga mgongoni akasema, "Haya, imetosha, wafu hawapendi kelele."

Kitu kimoja tulikisahau, sisi wajanja. Mashine inapoandika kifo inawatangazia ukoo, majirani, kanisa na kwaya. Hatujafika hata nyumbani tukasikia kilio kinapanda bonde lote. Uani tulikuta wanawake zaidi ya hamsini, wamekuja na kuni, unga, masufuria, kama tunavyofanya siku zote, hakuna aliyesubiri kuitwa. Mwenyekiti wa akina mama, Mama Tulalumba, alikuwa amelala chini kabisa anapiga ardhi kwa kiganja.

Shangazi angeweza kujificha. Hakujificha. Aliingia katikati ya ua akasimama, na kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa. Wawili wakazimia.

Akawaeleza. Kila kitu, tope, picha, mhuri, siku arobaini. Mimi nilijua mtu mmoja tu akikasirika na kuipigia kampuni, tumekwisha. Na walikuwa na haki ya kukasirika. Tulikuwa tumewaliza kwa uongo.

Mama Tulalumba aliinuka, vumbi usoni, machozi bado. Akamsogelea Shangazi akamzaba kofi. Kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka kilemba kikaanguka.

"Usinifanyie hivi tena maishani mwako," akasema. Kisha akatugeukia sote. "Kuni zimeshakuja, unga umeshakuja. Msiba tumeuanza, tunaumaliza. Makaburini tunakwenda saa ngapi?"

*

Tulikwenda alfajiri, na sababu yake ni hii. Alfajiri ya mwezi wa sita kule kwetu majani yameganda, ardhi ni baridi kuliko kitu chochote. Maji yanayopenya kutoka ndani ya tuta yana ujoto kidogo, maana yamelala humo pasipofikiwa na baridi. Kwenye kamera ya joto ardhi inaonekana nyeusi, na maji yanang'aa. Jua likichomoza vitu vyote vinafanana, umechelewa.

Wanawake mia moja na zaidi walishuka njiani kwa kanga nyeusi wakiimba, na Shangazi katikati yao, kajifunika hadi machoni, anaimba sauti ya pili kwenye maziko yake mwenyewe. Walinzi walisimama getini na marungu yao. Nani atamzuia mfiwa kwenda kaburini? Waliinamisha vichwa, wakafungua.

Mimi nilibaki kilimani na Bwana Mgaya. Aliomba mwenyewe kuwa shahidi wangu, meno yanagongana sijui kwa baridi au kwa hofu.

Nikasoma. "Ramani Hai: nyeupe. Anga la msiba, ukoo wa Nyalusi, kuanzia nyumbani hadi makaburini. Matangazo: hakuna jipya. Macho: ukungu umeinuka, upepo mdogo wa kusini, mwewe mmoja, yuko mbali."

"Nimesikia," akasema Mgaya.

Simu ikaita. Masalu.

"Pole kwa msiba, dada Sekela."

"Tumeshapoa."

"Mama Felista amekufa na nini?"

"Na nini unadhani?"

Sauti ikaacha kuteleza. "Sikiliza wewe. Mlinzi wangu amemtambua hapo getini. Ukiinua hicho kidude, leseni yako naila, na wewe nakupeleka ndani."

"Injinia, kwetu mtu hapigi kelele kwenye maziko," nikasema. "Jiheshimu." Nikaweka simu mfukoni, nikawasha.

Mapangaboi yakageuka. Jamani! Wiki nzima nilikuwa nimeyasihi. Droni ilipanda juu ya nyimbo za wale wanawake, ikapita seng'enge, ikashuka mguuni pa tuta, na kwenye kioo nikaona nilichokuwa naomba nisikione. Mahali palipotakiwa kuwa peusi pote, palikuwa na doa linalong'aa, pana kama uwanja wa mpira, lenye vidole vinavyopanda ubavuni mwa tuta hadi nusu yake. Kidole kirefu kuliko vyote kilianzia kwenye kaburi la babu.

"Hiyo ni nini?" Mgaya akanong'ona.

"Hilo ndilo tumbo linaloliwa."

Nilipiga picha sitini na mbili. Zote zikagongwa mhuri. Nilizituma wilayani, mkoani, kanisani, kwa kila mzazi wa shule ile, na kwa Masalu pia, asije akasema hakuona. Kabla ya saa nne mkuu wa wilaya alikuwa amevaa viatu. Kabla ya saa saba shule ilikuwa tupu, watu wa bondeni wanapanda mlimani na magodoro vichwani, na bwawa limefunguliwa milango ya chini kwa amri ya serikali.

*

Mtu angeishia hapo. Ningependa niishie hapo.

Siku ya tano Masalu alikuja na mwanasheria wake ofisini kwa Mgaya, nami nipo. Hawakumgusa yeye, wala hawakunigusa mimi, walikuwa na akili kuliko hivyo. Walisema: marehemu yuko hai, kila mtu anamwona sokoni, kwa nini mnamtesa mama wa watu? Aje aweke kidole chake, arudishiwe namba, bima, shamba. Kampuni itamrudisha hata kazini. Masalu aliongea vizuri mpaka nikakaribia kumpenda.

Nikafungua kanuni. Msiba ukifutwa, anga la msiba linafutika kana kwamba halikuwapo. Anga likifutika, mhuri unafutika. Mhuri ukifutika, picha zangu zote ni porojo, amri ya kushusha maji haina miguu, na milango inafungwa siku hiyohiyo, tope au hakuna tope.

"Maji yanahitaji siku ngapi kushuka chini ya ncha ya juu ya lile doa?" nilimuuliza Shangazi. "Na usinidanganye."

Alihesabu kwa vidole, mtu aliyezijua pampu na milango ile kuliko waliowekwa kuiendesha.

"Arobaini na mbili, tangu milango ifunguliwe."

Nilimwomba akubali. Nasema wazi, sioni aibu. Nilipiga magoti nikamwambia aweke kidole, tutafute njia nyingine, tutapiga kelele. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyetamka, na sitaweza kuishi nikijua nimemzika kwa mdomo wangu. Akanitazama kama anavyotazama kipimo, bila haraka.

"Ulisema kwa sababu nilikuomba. Usininyang'anye hilo."

Masalu akapiga kwa simu yangu siku ya thelathini na nane, akaomba kuzungumza naye. Nikampa.

"Mama Felista, ni mimi, Masalu."

"Umekosea namba, baba," Shangazi akasema. "Huyo mama alifariki." Akanirudishia simu, akaendelea kuchambua maharage.

Siku ya arobaini tulipika ubwabwa, kama ada. Mgaya aliacha mlango wa ofisi wazi tangu asubuhi, mashine ya kidole ameiweka dirishani ionekane kutoka njiani. Saa kumi jioni Shangazi alipita na jembe begani, anatoka kwenye shamba ambalo kesho yake lingekuwa la mtu mwingine kwenye karatasi. Mgaya akatoka mlangoni, macho mekundu.

"Mama. Saa kumi na nusu nafunga."

"Funga, baba. Kuna baridi."

Hakusimama hata kidogo. Nilimpokea jembe, nikamsindikiza hadi nyumbani.

Siku ya arobaini na mbili tangu milango ifunguliwe tulishuka pamoja mguuni pa tuta. Seng'enge ilikuwa wazi, walinzi wameondoka. Alipanda ngazi za tuta hadi kwenye kipimo cha zamani cha chuma upande wa maji, taratibu kwa sababu ya magoti, akakifuta ukoga kwa kanga yake, akasoma namba kwa sauti, mbele yangu. Maji yalikuwa chini ya ncha ya doa kwa mita moja na nusu. Yaliyokuwa yanatoka kando ya kaburi la babu yalikuwa yamebaki tone tone, tena safi.

Akatoa daftari lake la shule mfukoni, lile lile alilojaza vipimo miaka kumi na tisa. Akaandika tarehe, akaandika kimo cha maji. Chini yake akasaini jina lake lote, Felista Nyalusi, msoma vipimo, kwa wino, herufi kubwa zinazosomeka.

"Saini na wewe hapa," akaniambia. "Mahali pa shahidi."

Nikasaini.